Mtu Baki

Afisa Pietrowski alifungua friji ya Verlene bila kuomba, akainama, akasogeza sufuria ya sukuma wiki ili aone kilichojificha nyuma yake. Alikuwa anatafuta bia. Hakuipata, kwa sababu Verlene hanywi, na hata angekuwa mnywaji, wiki ile asingethubutu kuweka hata siki ndani ya nyumba. Pietrowski akafunga friji, akafungua kabati la juu, kisha la chini, akainua chupa ya dawa ya kikohozi akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Nyumba ya mjane wa miaka sitini na nne, mama wa kanisa, aliyepika kwenye jiko la hospitali mpaka nyonga zikagoma, na bwana huyu anaipekua kama ghala la magendo! Lakini Verlene alikuwa anatabasamu tu. Mashavu yalishaanza kumuuma kwa kutabasamu. Angetabasamu mpaka Krismasi ilimradi mwanawe atoke.

Lamarcus, mwanawe wa pekee, alikuwa gerezani mwaka wa tisa sasa. Bodi ya parole ilikwisha kumkubalia atoke, amalizie kifungo chake uraiani chini ya jicho la afisa. Shida ni kwamba mtu hatoki hivi hivi. Lazima kwanza afisa aende akaione nyumba atakayofikia, aikague, aridhike nayo. Asiporidhika, unabaki ndani na ruhusa yako mfukoni. Wako watu mjini kwao Buffalo, Marekani, waliokaa na ruhusa mfukoni mpaka ikachakaa.

Mtaa ule wa mashariki mwa mji, mtu aliyetoka kwa namna hiyo wanasema ana kamba. Kama mbuzi. Anatembea, anakula majani, ukimwona kwa mbali unadhani yuko huru, halafu akisogea kidogo tu kupita pale alipopangiwa, shingo inavutwa. Na nyumba zisizokuwa na mtu mwenye kamba mtaani pale ni za kutafuta kwa tochi.

"Huko chini anakaa nani?" Pietrowski aliuliza. Alikuwa ameona viatu vikubwa vya kazi vimepangwa kwenye ngazi ya kushukia chumba cha chini.

"Mdogo wangu. Otha."

"Ana kesi?"

Verlene angeweza kudanganya, lakini wangegundua tu. "Alikuwa nayo, ya zamani. Yuko nje kwa parole. Lakini ni mtu mzuri, afisa, hana ugomvi na mtu. Tanuri la kupasha nyumba joto ni yeye anayelitengeneza. Dawa zangu ni yeye anayenifuatia. Theluji..."

"Basi haiwezekani."

"Haiwezekani nini?"

"Wenye kesi wawili hawakai chini ya paa moja. Hawakutani, hawapigiani simu, hawaombani hata chumvi. Ama huyo wa chini, ama mwanao. Nitapita tena Alhamisi. Nikikuta viatu vile pale, nakataa nyumba, na sitarudi kuikagua mara ya pili."

Akaondoka na matope yake, akaacha alama za soli sakafuni.

Sasa wewe utasema, kwa nini Verlene hakumwuliza chochote? Kwa nini hakusema, afisa, huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja, hakuna njia yoyote? Utauliza hivyo kwa sababu hukukulia pale. Pale afisa haulizwi. Ukimwuliza jambo, yeye anataka kujua kwa nini umeuliza. Kulikuwa na jirani mmoja mwenye kamba aliyeuliza, kwa adabu zote, kama anaweza kwenda Cleveland, mji wa jimbo jingine, kwenye harusi ya binti yake. Akaulizwa atalala kwa nani. Huyo mwenyeji ana kesi? Gari la nani? Pombe itakuwepo? Mpaka mwisho wa wiki alikuwa amepimwa mkojo, amepekuliwa nyumba, na harusi imempita. Watu wakaona, wakajifunza. Jibu ulichoulizwa, funga mdomo, shukuru Mungu. Verlene alilelewa hivyo na akamlea mwanawe hivyo.

Akashuka ngazi moja moja, ameshika ukuta, nyonga zinalia. Otha alikuwa amepiga magoti mbele ya tanuri, tochi mdomoni. Alikuwa mrefu, akisimama kichwa kinakaribia kugusa mabomba, na mvi zimeanza kumtawala kidevuni. Akaitoa tochi mdomoni.

"Nimesikia," alisema. "Yule bwana ana sauti ya ng'ombe."

"Otha..."

"Usianze kulia, dada. Ukilia naondoka na televisheni."

"Nyamaza! Kila kitu kwako mzaha. Utakwenda wapi?"

"Nina watu wangu."

"Watu gani? Watu wako wote wako ndani au wako makaburini."

"Basi nitakwenda kwa wale ambao hawapigi kelele." Akacheka peke yake. Alipoona dada yake hacheki, akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Sikiliza. Ni mtoto, huyu. Kati ya mimi na mtoto kuna cha kufikiria hapo? Hata mimi ningejifukuza."

Verlene alitaka agombe. Alitaka apige teke ndoo, amwite majina, amkumbushe kwamba ni yeye Otha aliyemwogesha dada yake aliporudi kutoka kwenye upasuaji wa nyonga, wakati Verlene mwenyewe aliona haya kiasi cha kufumba macho, na Otha akawa anaimba nyimbo za kanisa kwa maneno ya kipuuzi ili amchekeshe. Hakugomba. Otha akapakia nguo zake kwenye mifuko miwili ya plastiki, akamwonyesha Verlene jinsi ya kupiga tanuri kofi pale upande wa kushoto likigoma, akaondoka siku ya pili yake asubuhi. Viatu akavivaa.

Watu wake, ndiyo. Binamu yao alikaa kwenye nyumba za manispaa, na huko ukilaza mwenye kesi, familia nzima inatupiwa vitu barabarani. Rafiki yake wa karibu alikuwa na kamba pia. Hosteli ya kanisa ilijaa tangu baridi ianze. Otha akaishia kulala kwenye gari lake bovu la kubebea vifaa vya kazi, nyuma ya kiwanda kilichofungwa. Naye alikuwa na afisa wake, tofauti na Pietrowski, aliyemtaka alete anwani mpya. Gari si anwani. Akienda kuripoti bila anwani, anafungwa. Asipokwenda, anafungwa akipatikana. Akaona bora lile la pili, angalau lina nafasi. Kwa hiyo kompyuta ikaandika kwamba Otha Tidwell, kwa jina la ukoo ambalo Verlene aliliacha alipoolewa, ametoroka, hajulikani aliko, akamatwe popote. Na Otha mwenyewe yuko mitaa michache tu kutoka kwao, anapiga mswaki kwenye choo cha kituo cha mafuta.

Alhamisi viatu havikuwepo, na Lamarcus akaja Jumamosi.

Mwanamume wa miaka thelathini na moja, mabega kama mlango, anashuka kwenye basi na boksi la karatasi mkononi, na mama yake anamkimbilia na nyonga zake mbovu. Verlene alimshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku kama anayechagua tikiti maji sokoni. Alikuwa mzima. Nyumbani akamwandalia makaroni ya jibini, sukuma wiki iliyopikwa pamoja na mguu wa nguruwe, mkate wa mahindi, na samaki wa kukaanga, chakula chao cha Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumamosi. Lamarcus alikula akiwa ameizungushia sahani mkono. Alipotaka kwenda msalani, alisimama mbele ya mlango, anangoja. Verlene alidhani anasikiliza kitu. Kumbe anangoja afunguliwe. Jamani! Verlene akaenda akaufungua, akarudi mezani, akajifanya anafuta makombo.

"Mjomba yuko wapi?" Lamarcus aliuliza.

"Amehama."

"Amehamia wapi?"

"Lamarcus, kula."

"Mama. Mjomba amehamia wapi?"

Akamweleza. Lamarcus aliuweka uma chini taratibu. Baba yake alikufa kwenye kiwanda cha chuma yeye akiwa na miaka mitano, na tangu hapo baba yake alikuwa Otha. Otha ndiye aliyemfundisha kufunga tai, kuendesha gari, kumtazama mtu machoni. Kisha Otha akaingia kwenye ubaya wake, akafungwa, na kabla hajatoka Lamarcus naye akaingia kwenye wake. Walikuwa wanaandikiana, gereza hili na gereza lile. Hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na sita.

"Umemfukuza mjomba kwa ajili yangu," alisema.

"Nimekuleta nyumbani."

"Sijakuuliza hilo."

"Basi usiniulize kabisa!" Verlene alipiga meza, glasi zikaruka. "Nilikuzaa mmoja. Ningefanyaje? Niambie, wewe uliyesoma vitabu vyote vya kule ndani, ningefanyaje?"

Lamarcus akala, akaosha vyombo, akalala na taa inawaka.

Siku zikaenda. Lamarcus akapata kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, akawa anarudi na mikono iliyokunjamana kwa maji ya moto. Halafu Pietrowski akahamishwa. Akapiga simu afisa mpya, mwanamke, Bi. Hanrahan, sauti changa na yenye heshima. Akajitambulisha kwa Lamarcus, akamuuliza kazi ikoje, akamuuliza hata mama anaendeleaje na nyonga.

"Mimi si mtu wa kuwasumbua watu," alimwambia. "Nitapita siku moja tufahamiane. Kitu kimoja tu sivumilii, nakwambia mapema: uongo. Ukikosea ukaniambia, tutazungumza. Ukinidanganya hata mara moja, nakurudisha siku hiyo hiyo, na hapo hatuna mjadala."

"Nimeelewa, afisa," Lamarcus alisema.

Alipokata simu, Verlene alimwuliza huyo mpya yukoje. "Anaonekana ana utu," Lamarcus alisema. "Labda tungemwuliza habari ya mjomba."

"Thubutu!"

"Mama, kuuliza tu."

"Na akitaka kujua mjomba yuko wapi sasa hivi, utamwambia nini? Na wewe umejuaje? Ulimwona lini? Uliongea naye? Wee! Usiichokoze hiyo. Yule mwingine alisema hapana, ni hapana."

Ikaishia hapo.

Theluji ya kwanza kubwa ikashuka mwezi wa Desemba, ile inayoletwa na upepo wa ziwani, inayomwagika usiku kucha mpaka magari yanabaki vichuguu. Manispaa wanataka njia ya mbele ya kila nyumba isafishwe, ama unaandikiwa faini. Verlene aliamka mapema amwamshe Lamarcus akaifanye kazi hiyo kabla ya kwenda kiwandani. Akachungulia dirishani. Njia ilikuwa nyeupe pande zote mbili, kwa majirani wote, ila mbele ya nyumba yake sakafu inaonekana, kingo zimekatwa wima, ngazi zimemwagiwa chumvi. Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Akakaa kwenye kochi na gauni lake la kulalia akalia mpaka akakohoa.

Tangu hapo, kila theluji iliposhuka, Otha alikuja alfajiri na beleshi lake, akasafisha, akaondoka bila kugonga mlango. Verlene akaanza kumwachia sahani barazani, imefunikwa kwa karatasi ya kuokea, na kahawa kwenye chupa ya chai. Sahani alikuwa anaikuta imeoshwa kwa theluji, imefunikwa. Siku moja Lamarcus akaona, akataka kutoka.

"Mama, mwache aingie apate joto. Dakika moja."

"Hapana."

"Mtu mzima anakula nje kama paka! Mjomba!"

"Nimesema hapana. Unataka nilie? Nimeshalia. Unataka nisilale? Silali. Lakini mlango huu haufunguki."

Haya ndiyo yaliyomuuma Verlene kuliko yote, nayasema kama yalivyo: kwamba sehemu yake moja ilitamani Otha asije. Alimpenda, na alitamani theluji isinyeshe ili asije.

Ikaja ile ya Februari. Ilinyesha siku mbili bila kupumzika. Otha alikuja mapema, lakini kazi ilikuwa kubwa kuliko mtu mmoja, na kulipopambazuka kabisa alikuwa bado hajafika kwenye ngazi. Lamarcus hakuwa na zamu siku ile. Verlene alipotoka bafuni, mlango ulikuwa wazi na mwanawe hayupo.

Alitoka barazani na kandambili zake. Walikuwa wawili pale, kila mmoja na beleshi, wanatupa theluji kushoto na kulia, mvuke unawatoka midomoni. Walikuwa wanacheka.

"Ulikuwa unaandika barua kama karani wa mahakama," Lamarcus alikuwa anamwambia. "'Mpwa wangu mpendwa, natumaini waraka huu utakukuta...'"

"Na wewe mwandiko wako! Nilikuwa nampelekea padri wa gereza anisomee, naye akadhani ni Kigiriki."

"Otha!" Verlene aliita kwa sauti ya chini, kali. "Lamarcus, ingia ndani! Mmerogwa? Mchana kweupe!"

"Tunamaliza, dada. Bado ngazi tu." Otha alimgeukia, uso umechujuka kwa baridi, mashavu yamebonyea, na bado anatabasamu. Verlene hakuwa amemwona uso kwa mchana tangu aondoke. Alikuwa amekonda vibaya. "Umenenepa," Otha akamwambia. "Umekuwa unakula fungu langu."

Verlene akajikuta anacheka. Mkono mdomoni, nyonga zinauma, anacheka barazani na ndugu yake na mwanawe. Hapo ndipo gari la kijivu lilipogeuka kona, likaja polepole kwenye theluji, likasimama mbele ya nyumba.

Wakashuka watu wawili wenye makoti meusi, na kila mmoja ana bastola kiunoni. Mmoja alikuwa mwanamume mnene asiyesema kitu. Mwingine alikuwa msichana hasa, nywele nyekundu zinachomoza kwenye kofia, na alipofungua mdomo Verlene akaitambua sauti ya kwenye simu.

"Habari za asubuhi! Mimi ni Hanrahan. Wewe ndiye Lamarcus?"

Otha alikuwa mwepesi kuliko wote. Alikuwa amekaa ndani miaka mingi, na alijua maana ya koti lile kabla hata mlango wa gari haujafungwa. Akamgeukia Verlene, akavua kofia.

"Basi mama, nimemaliza upande huu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetafuta kibarua. "Kama huna kazi nyingine, mimi nasogea nyumba za mbele."

Mama. Alimwita mama.

Hanrahan akamtazama Otha, akamtazama Lamarcus na beleshi lake. "Huyu bwana ni nani?"

"Mpita njia tu, afisa," Otha alisema. "Nasafishia watu theluji."

"Nimemwuliza Lamarcus."

Lamarcus alikuwa amelishika beleshi kwa mikono yote miwili. Verlene aliona jicho la mwanawe likienda kwa mjomba wake, na aliona Otha akitikisa kichwa, kidogo sana, kama anayefukuza nzi.

"Simjui," Lamarcus alisema.

"Mama, wewe unamfahamu?"

"Simjui," Verlene alisema. "Alikuja tu."

Hanrahan alimwomba Otha kitambulisho, kwa upole, akieleza kwamba ni utaratibu tu, mtu yeyote anayekutwa kwenye nyumba ya mtu wake lazima amjue. Otha akampa. Angefanya nini? Kukimbia, kwenye theluji ya magotini, na umri ule? Yule mnene akaingia nacho garini, akakaa kidogo, akatoka na pingu tayari zimefunguliwa.

"Tidwell. Mtoro. Anatafutwa tangu Oktoba."

Otha aliliegemeza beleshi ukutani, akageuka, akaweka mikono nyuma bila kuambiwa. Alipofungwa, akamtazama Verlene mara moja. "Samahani kwa usumbufu, mama," alisema. "Mungu akubariki kwa kahawa." Wakamwingiza kiti cha nyuma. Yule mnene akakaa mbele, akawasha moto wa gari.

"Tunaweza kuingia ndani?" Hanrahan alisema, anapuliza vidole. "Sitachukua muda."

Wakakaa jikoni watatu. Verlene alimmiminia kahawa, ikajaa ikamwagika kwenye kisosi, na Hanrahan akamwambia asijali, mtu yeyote angeshtuka kumwona mhalifu mlangoni kwake. Kutoka pale alipokaa, Verlene aliliona gari dirishani. Aliona kisogo cha Otha kimeinama mbele, kwa sababu paa lilikuwa fupi.

"Poleni sana kwa fujo ile," Hanrahan alisema. "Lakini nimefurahi. Kweli. Watu wengi huanza na mimi kwa uongo, nyinyi mmenijibu moja kwa moja."

"Atafanywa nini?" Verlene aliuliza. Ilimtoka tu.

"Yule? Atarudishwa. Ana miaka kumi na minne ya kifungo haijaisha, na kwa mtu aliyetoroka bila hata mtu wa kumsemea..." Akainua mabega. "Sidhani kama atatoka tena, kwa umri wake. Inasikitisha. Angekuwa na familia, pengine." Akafungua faili lake, akapekua. "Enhe, jambo moja. Mwenzangu Pietrowski aliandika hapa kwamba palikuwa na mtu mwenye kesi huko chini, akaondolewa. Hakuandika jina. Alikuwa nani?"

Lamarcus alikuwa anatazama meza.

"Mpangaji," Verlene alisema.

"Aa, mpangaji! Basi sawa. Nilipata wasiwasi labda ni jamaa yenu. Pietrowski alikuwa anawatimua hata ndugu. Mimi ndugu wa damu huwa nawaruhusu wakae pamoja, nasaini tu, yanaisha. Utamtenganishaje mtu na nduguye? Nimesaini mbili wiki hii. Mtu anachotakiwa ni kuniuliza."

Alisema hivyo, akaongeza sukari kwenye kahawa, akakoroga.

Kuuliza. Miezi yote ile ya kumlisha ndugu yake barazani, kumbe ni kuuliza! Verlene alitaka kuipindua ile meza. Alitaka kutoka na kandambili zake, agonge kioo cha lile gari, apige kelele mtaa mzima usikie: ni wangu, huyo ni wangu, mama yetu ni mmoja. Bado gari lilikuwa pale. Bado neno moja lingetosha.

Lamarcus aliinua uso. Midomo ikaanza kufunguka, na Verlene alijua kabisa kinachotoka. Na akitoa hilo, amekwisha kukiri kwamba amemdanganya afisa machoni, asubuhi ile ile, akiwa na beleshi mkononi. Ukinidanganya hata mara moja. Labda huyu binti angesamehe. Ana uso wa kusamehe. Labda angecheka, akawaambia ah, mngesema tu. Ungemwuliza, ungejua. Lakini nani anayemwuliza afisa? Verlene akaupeleka mkono chini ya meza, akalikamata goti la mwanawe, akalibana kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Midomo ya Lamarcus ikafungika.

"La mwisho, halafu nawaacha mpumzike," Hanrahan alisema, kalamu mkononi. "Hawa vijana wanaotoka wanakaa vizuri zaidi wakiwa na mwanamume mtu mzima wa kuwashika mkono. Nataka kuandika jina la mtu. Lamarcus ana nani hapa mjini? Baba mdogo, mjomba?"

Nje, yule mnene aliwasha vifuta kioo, theluji ikaanguka kwenye boneti.

"Hana mjomba," Verlene alisema, kwa sauti iliyotulia kabisa, na chini ya meza mwanawe akauondoa mkono wa mama yake gotini.